Sare ya Bawabu

Fundi cherehani na kaka yake bawabu walicheza sataranji kwa posta, kadi moja kwa kila mwendo wa kete, kila mtu na ubao wake mjini kwake. Kaka ndiye aliyemfundisha mdogo wake mchezo huo, na kwa miaka thelathini hakuwahi kufungwa naye. Akishika kete nyeusi, hana jingine ila Ulinzi wa Kifaransa: askari wa mbele ya mfalme hatua moja tu, kisha mlango umefungwa.

"Hata kwenye ubao wewe ni bawabu," fundi alimwandikia.

"Nawe hata kwenye ubao ni fundi," kaka akajibu. "Kazi yako haiishi siku uliyoahidi."

Safari hii, hata hivyo, fundi alikuwa na askari mmoja zaidi, akawa anapiga pasi huku anaimba. Ndipo ikaja kadi: "Mdogo wangu, naomba sare. Huku kwangu mambo yamechakaa."

Katika duka la fundi neno hilo lilikuwa na maana moja: sare za shule, za wauguzi, za walinzi. Vipimo vya kaka alivijua kwa kichwa. Alikata khaki, akashona suruali na shati la mifuko miwili, kiunoni akaongeza inchi mbili, maana umri ni umri. Akatuma kifurushi, na ndani yake kadi yenye mwendo wake uliofuata.

Jibu lilipofika, mkewe ndiye aliyelisoma, fundi akitunga uzi.

"'Mdogo wangu, niliomba sare ya mchezo, umeniletea ya kuvaa. Imenikaa hasa, getini wananiita afande. Sasa nijibu nilichouliza.'"

Mke alicheka mpaka akatafuta kiti. Fundi aliuendea ubao. Askari wake wa ziada alibakiza hatua nne afike mwisho wa ubao awe malkia, na wa kumzuia hakumwona.

"Si ndiyo siku uliyoingoja?" mkewe akauliza.

"Ndiyo yenyewe."

"Basi mfunge, tupumue."

Fundi alimshika yule askari kichwani, kisha akamwachia.

"Kaka hajapata kuniomba kitu tangu nizaliwe," alisema. "Kaomba mara moja, nami nikasikia nguo."

Akachukua kadi, akaandika: "Nakubali sare, kaka. Zote mbili. Mchezo ujao weusi ni wangu, anza wewe." Akalamba stempu, akafikiri, akaongeza pembeni kwa herufi ndogo: "Kiunoni haikubani?"