Mama Nembo Apeleka Cherehani Dukani

Kompyuta ilikata roho wakati korongo amefika shingoni.

Mama Nembo alisikia sindano ya cherehani ikisita, ikapiga mara moja zaidi kama mtu aliyesahau alichotaka kusema, kisha ikatulia. Akageuka kutazama skrini. Ilikuwa nyeusi. Akabonyeza kitufe cha kuwashia, akasubiri, akabonyeza tena. Mumewe, ambaye wateja walimwita Fundi tu, aliiacha suruali aliyokuwa akiipinda, akaja akaipiga kompyuta kofi la ubavuni, pale pale alipozoea kuipiga. Siku zote kofi hilo liliizindua. Safari hii sanduku lilitoa harufu ya plastiki iliyoungua, basi.

"Imekwenda," Fundi alisema.

"Ipige tena."

"Mke wangu, maiti haipigwi."

Mama Nembo hakucheka. Alikitoa kitambaa kwenye fremu, akakiweka mapajani. Korongo alisimama vizuri kwa mguu mmoja juu ya kitabu kilichofunguliwa, mabawa yamekunjwa, manyoya yamepangika. Kichwa hana.

Cherehani yao ya kudarizi haikuwa na akili yake yenyewe. Mchoro ulikaa kwenye kompyuta, ukateremka kwa waya, mshono baada ya mshono, na cherehani ikafuata. Bila kompyuta, ilikuwa meza nzito yenye sindano. Na beji za korongo zilitakiwa Jumatatu, shule ikifunguliwa. Leo ni Jumatano. Mkuu wa shule alikuwa amewazungusha mwezi mzima kabla ya kukubali kuwapa kazi hiyo, na siku aliyokubali alisema bila kupepesa macho, "Nikizikosa Jumatatu, muhula ujao napeleka kiwandani, na sitarudi kwenu." Malipo ya awali yalikwisha kugeuka nyuzi na vitambaa. Cherehani ya Fundi iliwalisha, lakini kodi ya nyumba ililipwa na beji. Hilo wote wawili walilijua, kwa hiyo hakuna aliyelitamka.

Mchana alikuja wifi yake, dada wa Fundi, anayeuza vyombo vya umeme katika duka moja kubwa lenye vioo. Aliingia na kompyuta yake ya mkononi kwapani, akaiona beji mezani, akaiinua.

"Hii shule inafundisha nini, uchinjaji?"

"Wifi, leo sina mbavu za kucheka."

"Haya, basi nisikilize. Dukani kwetu tunazo kama hii yangu. Mpya, nyembamba, haina kelele. Unachukua leo, unalipa kidogo kidogo mpaka unasahau kama unalipa."

"Mimi sisahau," alisema Mama Nembo. "Nikichukua hiyo, beji zote za mwaka huu nitakuwa nashonea duka lenu. Kodi atalipa nani?"

"Ijaribu kwanza. Kujaribu ni bure."

Hapo ndipo mambo yalipoharibika vizuri. Fundi hakuwahi kuvumilia waya zilizotapakaa. Siku walipofunga kompyuta ile, miaka mingi nyuma, alizikusanya zote akazishonea mfuko mrefu wa kaki, mshono wa mara mbili, kona zimekunjwa kama za mfuko wa koti. Mfuko ulianzia kwenye cherehani, ukapita nyuma ya kabati, ukaimeza mpaka ncha ya waya iliyoingia kwenye kompyuta. Ulikuwa unapendeza. Wageni waliusifu. Ila tangu siku hiyo hakuna mtu aliyejua ncha yenyewe ikoje.

Wifi alivuta, akavuta tena. "Kaka, umeivalisha waya suruali?"

"Zilikuwa zimetanda kama utumbo," Fundi alijitetea. "Nikazisitiri."

Mama Nembo alichukua kisu kidogo cha kufumulia, akapiga magoti nyuma ya kabati, akaanza kukata uzi mmoja mmoja. Ilimchukua muda. Mumewe alikuwa ameshona kwa moyo wote. Mwishowe kaki ilifunguka na ncha ikatoka: pana, ya chuma, yenye safu mbili za vijiti vyembamba kama meno ya sega. Aliipeleka kwenye ubavu wa kompyuta ya wifi yake. Matundu ya pale yalikuwa membamba kama mdomo wa kopo la kuwekea akiba.

"Sega hili litaingia wapi?"

Wifi aliigeuza kompyuta yake huku na huku, kana kwamba tundu limejificha. Kisha akashika mbavu, akacheka mpaka akakaa chini. Fundi naye akacheka, kwa aibu. Mama Nembo aliichomoa waya upande wa cherehani pia, akaizungusha mkononi, akaitia kwenye mkoba wake.

"Sasa angalau najua ninachotafuta," alisema. "Sitafuti mpya. Natafuta yenye tundu hili."

Mtaa wa kompyuta zilizotumika ulikuwa nyuma ya soko la vyuma. Aliingia duka moja baada ya jingine, akatoa waya, akaonyesha ncha. Wengine walitikisa kichwa kwa huruma, kama alikuwa anaulizia ndugu aliyepotea. Mmoja alimwambia, "Mama, tundu hilo tulishalizika." Mwingine alitaka kumuuzia skrini.

Duka la mwisho lilikuwa la mtu aitwaye Mjomba Waya, mnene, mpole, aliyevaa koti la buluu la kazi. Ndani kompyuta zilipangwa mpaka dari, na vijana wake wawili wa kutengeneza walivaa makoti ya buluu vile vile, hivyo kila mteja aliyeingia alianza kwa kuuliza mwenye duka ni yupi. Mama Nembo naye aliuliza.

Mjomba Waya aliitazama ile ncha, akavuta droo, akatoa kipande cha waya chenye sega upande mmoja na mdomo mwembamba upande wa pili. "Hiki kinaunganisha ya kale na ya kisasa. Chukua na ile nyembamba pale juu, nakupa kwa bei ya rafiki."

"Itakubali cherehani?"

"Inakubali kila kitu. Nenda ukajaribu nyumbani."

"Ikikataa?"

Mjomba Waya alijikuna shingo. "Mali ikishatoka hairudi dukani, mama. Nisikudanganye."

Mama Nembo alifikiri. Hakumwona kama mwizi. Mtu anayekwambia mapema kwamba hatakurudishia pesa si mwizi. Ila pesa iliyokuwa kwenye mkoba wake ilikuwa ya kununua mara moja, si mara mbili.

"Basi sijaribu nyumbani," alisema. "Kesho naileta cherehani hapa."

Vijana wa makoti ya buluu waliangua kicheko. Mjomba Waya naye akatabasamu. "Karibu, mama. Lete na kabati kabisa."

Alhamisi asubuhi mkokoteni ulisimama mlangoni. Fundi alikuwa ameshika tama. "Ikianguka tumekwisha. Hii mashine haijatoka chumbani tangu iingie."

"Ikikaa chumbani ndiyo tumekwisha zaidi. Shika upande ule."

Waliilaza cherehani juu ya godoro la kitanda chao, wakaifunika blanketi, wakaifunga kamba mpaka ikawa kama mgonjwa anayepelekwa hospitali. Mama Nembo alipachika juu yake mfuko mkubwa wa vitambaa na nyuzi. Fundi aliuliza wa nini. Mkewe akasema twende. Mwenye mkokoteni alivuta mbele, Fundi akasukuma nyuma, na Mama Nembo akatembea ubavuni mkono juu ya blanketi, akisema "polepole" kwa kila shimo. Jirani mmoja alimpigia kelele toka kibarazani.

"Mama Nembo! Mume amekufukuza?"

"Atanifukuzaje naye ndiye anayesukuma?"

Walipofika, Mjomba Waya alitoka nje, akatazama godoro, akatazama kamba, macho yakamtoka. "Nilikuwa natania, mama."

"Mimi sikuwa natania, kaka. Kamata hapo."

Walianza na ile nyembamba na kile kiunganishi, kwa sababu ndiyo iliyokuwa rahisi. Mama Nembo aliweka kidiski chake chenye programu na nakala ya korongo, akafungua mchoro, akakaza kitambaa kwenye fremu. Sindano ikaanza. Kitabu kikatoka sawa. Mguu ukatoka sawa. Mjomba Waya alikuwa tayari anatafuta mfuko wa kufungia. Penye bawa, sindano ikaruka, ikarudi, ikaruka tena, uzi ukajisokota chini ya kitambaa ukafanya kiota.

"Labda ni uzi," alisema Mjomba Waya.

"Labda," alisema Mama Nembo, akabadilisha uzi. Mara ya pili kiota kilitokea mahali pale pale. Akabadilisha sindano. Kiota. Alivipanga vitambaa vitatu vilivyoharibika juu ya kaunta, kimoja kando ya kingine, bawa kwa bawa.

Mjomba Waya alivitazama muda mrefu. "Si uzi," alikiri.

"Una nyingine?"

"Iko moja." Aliinama chini ya meza, akavuta sanduku jeusi, nene, lililochunika pembe, lenye vumbi la kutosha kuandikia jina. "Ilitoka ofisi ya maji. Nilitaka kuivunja nitoe vipuri. Haina sura." Akaigeuza. Nyuma yake, katikati ya matundu mengine, kulikuwa na tundu pana la chuma.

Fundi alivuta pumzi. Mkewe alishalichomeka sega kabla pumzi haijatoka.

Mjomba Waya mwenyewe ndiye aliyeifungua, akapuliza vumbi, akaiongezea kumbukumbu kutoka kwenye mzoga wa nyingine, akaiwasha. Ilikohoa kidogo, ikaamka, ikakipokea kidiski. Sindano ikaanza: kitabu, mguu, bawa. Watu wa maduka ya jirani walikuwa wamejaa mlangoni. Shingo ilipopanda, mtu mmoja alisema, "Huyo, huyo," kama anayetazama mpira. Kichwa kikatoka, mdomo mrefu ukafuata, na uzi mweusi wa jicho ukafunga kazi. Mlangoni wakapiga makofi.

Mama Nembo alikata uzi, akakaza kitambaa kingine.

"Imekubali, mama," alisema Mjomba Waya. "Unataka nini tena?"

"Hata ile yangu ilikuwa inaanza vizuri."

Akatoa korongo wa pili. Akatoa wa tatu, kiganja chake kikiwa juu ya sanduku kupima joto. Lilikuwa vuguvugu tu. Ndipo alipouliza bei.

Mjomba Waya alitaja. Mama Nembo akafungua mkoba, akaweka pesa yote mezani, akaugeuza mkoba kuonyesha kwamba ni tupu. Skrini alikuwa na yake nyumbani, nzima, hiyo hakuihitaji. Hata hivyo haikutosha.

"Nimeiongezea kumbukumbu," alisema Mjomba Waya kwa upole, "na asubuhi nzima sijauza. Sipandishi, mama, lakini siwezi kushuka hapo."

"Sikuombi ushuke. Vua koti."

"Koti?"

"Na wale vijana wako wavue. Tangu tuingie, kila mteja anauliza mwenye duka nani. Nitakuandikia jina lako kifuani na la duka mgongoni, makoti yote matatu, sasa hivi, uone. Kazi hiyo iwe badala ya pesa iliyopungua."

Mjomba Waya alilitazama koti lake kana kwamba ndiyo kwanza analiona. "Ukiliharibu je?"

"Koti likishaingia fremu halirudi dukani," Fundi alidakia, na vijana wa buluu wakacheka mpaka mwajiri wao akavua.

Mama Nembo alichagua uzi wa njano. Herufi zilitoka nono, zimesimama wima. Mjomba Waya alilivaa koti likiwa bado lina moto wa sindano, akaenda kujitazama kwenye skrini iliyozimwa, akarudi, akampa Mama Nembo mkono. Kijana mmoja akaandika stakabadhi. Kompyuta ikawa yao.

Fundi alianza kukunja blanketi. Jua lilikuwa limepanda, na mwenye mkokoteni alikuwa amelala kivulini juu ya godoro lao. "Nimwamshe tupakie?" aliuliza.

Mama Nembo alikuwa amefungua ule mfuko mkubwa. Ndani vilikuwa vitambaa vyote vya oda, vimekatwa na kuhesabiwa, na nyuzi zote.

"Kaka," alimwambia Mjomba Waya, "unafunga saa ngapi?"

"Jioni. Lakini mama, hapa ni duka, si karakana."

"Umeme wako unawaka, mashine imeshakaa sawa, na nikiibeba sasa nitapoteza mchana mzima kuipanga upya. Jioni tutakupisha."

Mjomba Waya alifungua mdomo. Mteja akaingia, akasoma kifua chake, akamwendea moja kwa moja kuuliza bei ya skrini, na Mjomba Waya akasahau alichotaka kusema.

Mama Nembo alikaza kitambaa, akabonyeza. Sindano ikashuka. Fundi alitazama mkokoteni nje, akamtazama mkewe, akavuta kiti, akachukua mkasi na kuanza kukata nyuzi zilizoning'inia kwenye beji zilizokwisha.