Bango Lisilo na Waya

Jumanne, saa tisa alasiri, fundi wa mabango alifungua kitabu chake cha sampuli juu ya meza ya kupigia pasi, ikambidi Mama Pasi asogeze shati jeupe ambalo alikuwa amebakiza mkono mmoja kulimaliza. Shati lilikuwa la mteja wa saa kumi. Alilisogeza, akaisimamisha pasi pembeni, akabaki amesimama hapo hapo, kwa sababu duka lilikuwa jembamba na pa kwenda hapakuwapo.

Kitabu kilikuwa na kurasa ngumu za plastiki, na kila ukurasa uliwaka ukiufungua. Kulikuwa na boksi la turubai lenye taa ndani, la watu wa kipato cha kawaida. Kulikuwa na herufi za kuchonga, moja moja, kila moja na vitaa vyake tumboni. Kulikuwa pia na mirija ya kioo iliyopindwapindwa, inayowaka waridi na buluu, ambayo fundi alisema inafaa zaidi kwa baa na mahali pengine ambapo mtu huingia huku akijua atajuta.

"Dobi anataka weupe," alisema fundi. "Ukiweka taa ya njano, mteja anafikiri na nguo zitarudi njano."

Shemeji alitikisa kichwa kama mtu aliyekuwa akilijua hilo tangu utotoni. Huyu alikuwa mdogo wa marehemu mume wa Mama Pasi, na ndiye aliyekuwa meneja wa duka tangu mazishi. Duka la dobi lilianzishwa na mke, mume na pasi moja. Miaka kumi na minne baadaye mume akafa, ukoo ukakaa kikao sebuleni, ikaonekana kwamba leseni ina jina la mume peke yake, kwa hiyo iende kwa nduguye. Mama Pasi wakati huo alikuwa jikoni akiwachemshia chai. Alipoingia na sinia, jambo lilikuwa limeshakwisha, na shemeji akamwambia kwa upole asiwe na wasiwasi, kazi yake ipo pale pale. Na kweli ilikuwepo pale pale, na ilikuwa imeongezeka.

Mama Pasi ni jina alilopewa na wateja. Hakuna aliyewahi kuliandika ukutani, lakini mtaa mzima ulikuwa ukisema "peleka kwa Mama Pasi", na nguo zilifika. Alikuwa ameomba kitu kimoja tu, na alikiomba mbele ya watu: siku bango likija, jina hilo liwemo. Shemeji alikuwa ameapa kwamba litakuwemo.

"Jina langu litakaa upande gani?" aliuliza sasa.

"Shem, hilo si tumeshaliongea?" alisema shemeji, bado anafunua kurasa. "Litakuwepo."

Mama mkwe alikuwa kwenye kiti cha wateja, mkoba juu ya magoti. "Mwache kwanza achague taa, mwanangu," alisema. "Jina halikimbii."

Walichagua herufi za kuchonga. Mama mkwe aliulizwa kuhusu rangi, mke wa shemeji aliulizwa kwa simu kuhusu ukubwa, na mteja wa saa kumi, alipofika kuchukua shati lake ambalo halikuwa tayari, naye akaulizwa. Mama Pasi aliulizwa kama anaweza kumpisha fundi apite kupima ukuta.

Bango lilipandishwa Ijumaa. Liliandikwa BINGWA WA USAFI, na mwishoni palikuwa na picha ya shemeji amevaa tai, ameshika pasi karibu na sikio, namna watu wanavyoshika simu. Mama Pasi alitoka nje na mikono yenye wanga, akasoma kutoka kushoto kwenda kulia. Akarudia tena, taratibu, kama anayetafuta nguo ya mteja kwenye henga na anajua kabisa aliitundika.

"Nafasi ilikwisha, shem," alisema shemeji. "Fundi anahesabu kwa herufi. Lako lina herufi nane, na picha nayo ilitaka pa kukaa."

Mama Pasi aliitazama ile picha. Joto lilimpanda kutoka kifuani hadi shingoni, likakaa masikioni, na herufi zikawaka. Zilianza na B, zikafuatana moja baada ya nyingine mpaka kwenye picha. Fundi alikuwa bado juu ya ngazi, na waya wote wa kuunganishia ulikuwa umeviringwa begani mwake. Aliuangalia waya, akamwangalia Mama Pasi, akashuka.

"Limeshapata pa kuvuta," alisema. "Hutokea, hasa kwenye biashara za kifamilia. Basi waya narudi nao."

Kwenye fomu ya makabidhiano, penye mstari wa chanzo cha nguvu, aliandika "mjane", akampa shemeji kalamu aweke sahihi.

Wiki iliyofuata alikuja mkaguzi wa umeme, maana majirani walisema kuna bango linalowaka hata mtaa mzima ukikatiwa. Alifungua kisanduku cha mita, akakifunga. Alipanda kiti, akapapasa nyuma ya herufi, akakuta ukuta mtupu. Mwishowe alimsogelea Mama Pasi, ambaye alikuwa akipiga pasi suruali ya sare, akamuuliza ni wa volti ngapi.

"Sijui," alisema Mama Pasi.

Mkaguzi akaandika "wastani". Mama Pasi alimuuliza kama hakuna kosa lolote hapo, na mkaguzi, ambaye alikuwa mtu mwenye adabu, alifikiri kabla ya kujibu.

"Kosa lipo kwenye wizi wa umeme, mama," alisema. "Huu si umeme."

Baada ya hapo hakuna aliyelizungumzia sana jambo hilo. Ila haikuchukua muda kugundulika kwamba bango halikuwaka sawa kila siku. Siku binti yake Mama Pasi, aliyekuwa chuoni mbali, alipompigia simu na kumchekesha kwa hadithi za mwalimu wao, herufi zilififia mpaka USAFI ikapotea kabisa, na wateja wawili wakageuza njia wakidhani pamefungwa. Siku tajiri mmoja alipomrushia koti usoni, bango lilimulika hadi kona ya duka la dawa. Shemeji alikuwa mvivu wa mambo mengi, lakini hili alilishika mara moja.

Tangu siku hiyo, kila jioni saa kumi na mbili kasorobo, kabla watu wa maofisini hawajapita, shemeji alikuja kwenye meza ya pasi na neno moja. Aliliandaa. Siku ya kwanza alisema kaka yake, pamoja na sifa zote anazopewa, hakuwahi kujua kukunja kola. Siku ya pili alisema duka hili kabla yake lilikuwa kibanda. Siku ya tatu aliuliza kwa nini Mama Pasi anauficha mchanganyiko wa wanga kana kwamba ni wa kwao. Alisema polepole, bila ubaya usoni, macho yake yakiwa kwenye kioo cha duka la ng'ambo, ambako aliweza kuziona herufi zake zikipata nguvu. Zikishakolea alimshukuru na kwenda zake kuketi.

Jioni nyingine alikuja amechoka.

"Leo sina la maana, shem," alisema. "Hebu fikiria tu ile siku ya kikao. Ulivyokuwa jikoni."

Mama Pasi akafikiria, maana hata angekataa, tayari alikuwa amefikiria. Mwanga ukavuka kona.

Alijaribu kutokasirika. Aliimba nyimbo za shule. Alihesabu vifungo. Alipomwona shemeji akija aliwasha redio, na shemeji, bila kukereka, aliisubiri redio imalize taarifa ya habari. Ni vigumu mtu kupuuza donda linalotoneshwa kwa ratiba. Mama mkwe aliliona hilo, akamvuta pembeni kati ya magunia ya nguo chafu, akamshika mkono kwa mapenzi ya kweli, kwa maana hakuwa mama mbaya.

"Mwanangu, ungemsamehe tu," alisema. "Hasira zinazeesha." Akafikiri kidogo. "Ila si wiki hii. Wiki hii kuna mashuka ya hoteli."

Mama Pasi aliimaliza ile wiki na mashuka ya hoteli, yote mia moja na sitini. Jumatatu hakwenda. Alifunga virago vyake, akachukua pasi yake, ambayo ilikuwa yake kweli, akapanga chumba kwenye kona, upande uliolipa bango mgongo, mlango wa tatu, mahali palipokuwa pakikaa kinyozi. Alisugua ukuta siku mbili. Kisha akamwita fundi yule yule wa mabango, na safari hii kitabu kilifunguliwa juu ya meza yake mwenyewe na yeye ndiye aliyefunua kurasa.

Hakuharakisha. Aligusa zote, hata zile za baa. Alichagua boksi dogo, jeupe, na akataka liandikwe herufi zake nane tu, bila picha, bila simu, bila bingwa. Walipokuwa wakilipandisha alisimama chini ameshika ngazi, na alikuwa na furaha ambayo hakuwa nayo tangu mumewe alipokuwa hai.

Fundi aliunganisha waya, mita ikazunguka, taa ya chumbani ikawaka, pasi ikapata moto. Boksi halikuwaka. Alibadilisha vitaa, akabadilisha swichi, akapima kwa bisibisi yake ya kupimia, na kibisibisi kikawaka vizuri.

"Umeme unafika," alisema. "Linakataa tu. Mwanga wa jina hili umeshatumika kule."

"Lakini mimi kule nimeshaondoka."

"Ndiyo, mama. Linavuta kwa mbali. Nasikia tangu uondoke ndiyo limezidi."

Ilikuwa kweli. Shemeji alikuwa ameajiri wapiga pasi wawili waliokuwa wakiunguza kola, na hakuhitaji tena kwenda kwa mtu na maneno. Alikuwa akifungua duka, anaketi, na bango linawaka lenyewe tangu asubuhi.

"Hakuna namna?" aliuliza Mama Pasi.

"Lile likizima, hili litawaka," alisema fundi akikunja ngazi. "Na lile litazima siku utakapomsamehe. Ukimsamehe kweli, lakini. Mabango haya hayadanganyiki."

Mama Pasi alikuwa mtu wa kazi, akaichukua kama kazi. Jumapili baada ya chakula cha mchana alifunga mlango, akakaa kwenye kigoda, akaanza kusamehe kwa mpangilio. Alianza na leseni. Aliisamehe, au aliona ameisamehe. Akaenda kwenye sinia la chai. Hapo alikaa muda mrefu. Alipofika kwenye jina na ile ahadi iliyotolewa mbele ya watu, jirani yake aligonga mlango kumwambia kwamba bango la shemeji yake limewaka kiasi kwamba linaonekana mchana huu wa jua, kwa hiyo kama kuna sherehe, mbona hawakuambiwa?

Mama Pasi akaacha. Aliona pia aibu kidogo, kwa sababu katikati ya kusamehe alijikuta akimwona shemeji amekaa gizani, na picha hiyo ilimpendeza.

Mwezi wa tatu serikali ya mtaa iliamua isiweke nguzo za taa barabara ile, kwa kuwa mwanga ulikuwepo, na nguzo zikapelekwa kwingine. Mwenyekiti akaona ni vyema mwenye bango apewe cheti. Viti vya plastiki vilipangwa ng'ambo ya barabara, vikitazamana na duka, saa kumi na mbili jioni. Mama Pasi alialikwa kama mwanafamilia, na alikwenda kwa sababu mama mkwe alikuja mwenyewe kumwomba, na kwa sababu alitaka kusikia watasemaje.

Shemeji aliongea vizuri. Alimshukuru mwenyekiti. Alimshukuru marehemu kaka yake, aliyeanza, alisema, mdogo mdogo, kwa uwezo wake. Kisha akanyoosha mkono kuelekea safu ya nyuma.

"Na shemeji yangu yule pale," alisema, "ambaye kuna kipindi alikuwa akinisaidia kupiga pasi."

Herufi zilimulika hata watu wa mbele wakakinga macho kwa viganja. Mwenyekiti aligeuza uso. Kisha watu wakapiga makofi, kwa kuwa hawakuwahi kuona bango likiwaka vile, na shemeji akasubiri makofi yaishe, akampa Mama Pasi ishara ndogo ya kichwa, ya shukrani.

Watu walipoanza kutawanyika, mwanamume mmoja mwenye suti mkononi alimsogelea.

"Samahani, mama. Nimeambiwa mtaa huu kuna mwanamke anayejua kazi ya pasi kuliko wote. Anapatikana wapi?"

"Ni mimi, baba. Ile kona, mlango wa tatu."

Mwanamume aligeuka, akatazama kule.

"Pale penye giza?"

"Pale."

Alimwangalia Mama Pasi, akaiangalia suti yake, ambayo ilikuwa mpya, akasema atakuja siku nyingine, leo ana haraka kidogo. Akavuka barabara kwenda kwenye foleni iliyokuwa chini ya bango. Njiani palikuwa na shimo ambalo mtaa ulikuwa umesahau kuliziba. Mama Pasi alimfuata kwa macho, na herufi zikaongeza mwanga, mwanamume akaliona shimo, akalikwepa.