Mila Mpya za Zamani

Meja Odur alikwenda Japani wiki mbili kununua malori ya jeshi, akarudi na mila. Malori sijui yako wapi.

Serikali ilikuwa imempa ukuu wa shule yetu ya wavulana, ya kulipia, hapa Makindye. Huko Japani alitembezwa shule ya wavulana yenye miaka mia: wanafunzi wanainamia lango wakiingia, na sakafu wanasugua wenyewe. Basi akatupanga gwaride.

"Kuanzia leo na sisi hivyo hivyo! Wewe, mama Alanyo, Ijumaa brigedia akishatutembelea, kwenda nyumbani!"

Miaka minane nimefagia pale, tangu shule ifunguliwe! Mume wangu aliitwa kambini mwaka wa kwanza wa serikali hii, hakurudi. Watoto wanne wanakula kwa ufagio ule. Nililia mbele ya watu, sioni aibu kusema.

Halafu akamgeukia Okullo, mwalimu wa historia. "Andika historia yetu ya miaka mia. Nitamsomea brigedia."

"Lakini afande, shule ina miaka minane."

"Basi ongeza!"

Okullo akaongeza. Alinikuta nyuma ya jiko nafunga virago, akasema, "Usifunge kwanza, mama."

Ijumaa wavulana wakainamia lango mpaka kofia zikaanguka. Meja, ambaye hasomi kitu mpaka awe na kipaza sauti mdomoni, akasoma kwa madaha: mwanzilishi, vita, ushujaa. Ukurasa wa mwisho ukasema: "Na kila ajapo mgeni mkubwa, mkuu wa shule huvua viatu, akasugua choo cha wavulana kwa mikono yake, na mfagiaji humkagua."

Brigedia akapiga makofi. "Safi sana! Hebu tuone."

Loo! Nilisimama mlangoni, mikono kiunoni. Meja kapiga magoti, medali zinagonga sakafu.

"Pale kwenye kona, afande," nikamwambia. "Bado."

Jumatatu mila zote zikafutwa, nami nikarudishwa. Agizo la kwanza: nisafishe meza ya Okullo, apewe mwalimu mwingine. Okullo mwenyewe alikuwa ameshavuka mpaka wa Busia tangu Jumamosi asubuhi, na shati moja mwilini.

Nikaipangusa ile meza mara tatu. Kazi yangu ninayo. Ya kwake aliitoa kwa ajili yangu, na hata asante sikuwahi kumwambia.