Mkopo Asioukopa Mwanvua

Afisa mikopo wa benki, aliyeitwa Regina, alikuwa mpole, na upole wake ndio uliomtia Mwanvua hofu. Mtu akikufokea walau unajua kosa lako. Huyu aliitazama skrini ya kompyuta, akamtazama Mwanvua, akarudi kwenye skrini, kisha akainuka akaufunga mlango.

"Mama yangu, una mkopo mahali pengine?"

"Sina, mwanangu."

"Hujawahi kukopa popote?"

"Nimewahi kukopa chumvi kwa jirani. Nikairudisha."

Regina hakucheka. Alisema kompyuta inaonyesha kwamba mwezi wa kumi na moja mwaka 2015, Mwanvua Pazi wa Buzebazeba alichukua shilingi laki nne kwenye kampuni moja ya mikopo ya vikundi hapo Kigoma, kwa kadi yake ya mpiga kura. Alilipa miezi minne, akapotea. Sasa ni mwaka na nusu. Jina lake limeingia kwenye kumbukumbu za wakopaji ambazo kila benki inazisoma, na alama zake zimeshuka mpaka hakuna wa kumwazima hata kalamu.

"Na kikundi chenu mnadhaminiana," Regina akamalizia. "Mmoja akiwa hivi, wote watano mnakataliwa."

Wote watano. Nje, kwenye benchi, alikuwa amekaa Mwamini, mwenyekiti wa kikundi, na picha za wenzake kwenye bahasha. Walikuwa wanawake wa ufukweni Kibirizi, wanunuzi na waanikaji wa dagaa, na kwa miaka miwili walikuwa wakijinyima ili wanunue boti yao wenyewe, waache kuwabembeleza wanaume wenye mitumbwi kila alfajiri. Akiba ilikuwa tayari. Ulibaki mkopo tu.

"Nifanyeje?" Mwanvua aliuliza.

"Njia ni mbili. Kama deni ni lako, lipa, uniletee barua kwamba umemaliza. Rekodi haitafutika, ila itasomeka kuwa imelipwa, na kwa barua hiyo naweza kuwatetea. Ukishaanza kulipa mkopo wa kikundi kwa siku yake, alama zitapanda polepole. Kama deni si lako, nenda polisi, toa taarifa kwamba mtu ametumia kadi yako, uniletee ripoti tuipinge. Ila polisi watataka kujua kadi ilimfikiaje." Akaandika tarehe kwenye kikaratasi. "Nakupa siku kumi."

Mwanvua akatoka. Mwamini alimdaka mlangoni, akaambiwa kuna karatasi imepungua.

"Usituponze, Mwanvua," alisema Mwamini, na hakuwa anatania.

Mpaka anafika nyumbani Buzebazeba, alikwisha kujua. Hakuhitaji mganga wa kumtajia mwizi. Kadi ile ilikuwa imeshikwa na watu wawili tu hapa duniani. Mmoja ni yeye. Wa pili alikuwa uani muda ule ule, anapepeta mchele, na majirani walidhani ni wifi yake.

Eufrasia hakuwa wifi wa mtu. Alikuwa mwanamke wa Rumonge, ng'ambo ya Burundi, muuza mawese. Miaka kumi alikuwa akimletea Mwanvua mafuta kwa mali kauli: chukua, uza, utanilipa nikija tena. Hakuna karatasi, hakuna mdhamini. Mwaka aliofiwa na mumewe, Mwanvua alipelekewa madumu ishirini na maneno matatu tu, "Utalipa ukiacha kulia." Alilia miezi saba. Eufrasia hakuuliza hata senti.

Kisha mwaka 2015 mambo yakachafuka kwao. Watu wakamiminika Kagunga, kijiji cha mpakani, wakaletwa kwa meli Kigoma, wakalazwa uwanja wa mpira wakisubiri mabasi ya kwenda kambini Nyarugusu. Mwanvua alikwenda pale na uji, akamkuta Eufrasia amekaa juu ya kifurushi, mjane kama yeye, ila mumewe yeye aliuawa mbele ya macho yake. Hakufikiri mara mbili. Alimvika baibui lake, wakatoka wote getini kama watu waliokuja kuuza maandazi. Na kwa kuwa barabarani kulikuwa na vizuizi, akawa anamwazima kadi yake. Picha ya kadi ilikuwa nyeusi, ungeweza kumwona ndani yake yeyote umtakaye. "Ukiulizwa, wewe ni Mwanvua Pazi," alimfundisha, na wakacheka. Ndiyo hivyo. Watu wa ziwani hupeana mali kwa kauli, na yeye akadhani jina nalo ni dumu la mafuta, litarudi likiwa tupu na bei yake mkononi.

Alisimama mbele ya ungo. "Eufrasia, ulikopa kwa kadi yangu?"

Ungo ukatulia. Mwanamke yule hakukana, na hilo lilimuuma Mwanvua kuliko uongo. Alisema mama yake mzazi alikuwa amebaki Rumonge, na mwenye boti mmoja aliahidi kumvusha usiku kwa laki nne. Alijiunga na kikundi cha wanawake wasiomjua, akapewa hela, akamkabidhi mwenye boti. Mama hakuvushwa. Mwenye boti hakuonekana tena. Aliendelea kulipa kwa kibarua cha kufua, hadi ulipoanza msako wa wageni wasio na vibali, akaogopa kwenda kwenye vikao.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ungenipa hela zako za dagaa. Ningekuwa nimekula mpaka mtaji wako."

"Kwa hiyo ukala jina!" Mwanvua alipayuka, kisha akaziba mdomo, maana ukuta wa jirani ulikuwa karibu. Akaendelea kwa kunong'ona, na kunong'ona kwake kulikuwa na sumu. "Wanataka ripoti ya polisi, unajua? Niende nikaseme nini? Kwamba nilimpa kadi mkimbizi niliyemficha? Mimi jela, wewe Nyarugusu, au wakurudishe kwa waliomuua mumeo!"

"Mana yanje, Mungu wangu," alisema Eufrasia, akaufunika uso kwa kanga.

Tangu hapo Mwanvua akamnunia. Siku saba hakumsemesha, si salamu, si pole. Chakula kililiwa kimya. Ningekuwepo ningemwambia: mama, kununa ni anasa ya watu wenye muda. Lakini hasira ilikuwa inamsaidia kuificha hofu, kwa sababu usiku kila pikipiki iliyopunguza mwendo mbele ya nyumba ilimfanya akae kitandani ameshika roho mkononi.

Na katika kununa huko alikwisha kuamua, bila kumwambia aliyehusika. Deni litakuwa lake. Alikwenda Kibirizi kwa Mzee Abdulkarimu, mwenye mitumbwi mitatu, akamwamkia na kuomba magunia manane ya dagaa kwa mali kauli.

"Marahaba. Nane tu?" mzee aliuliza. "Chukua kumi, bibi. Wewe hujawahi kunichelewesha."

Mwanvua aliona haya mpaka machozi yakamlenga. Huku ufukweni neno lake lilikuwa magunia kumi, na kule benki halikutosha kufungua mlango. Aliwauzia wachuuzi wa Kongo mzigo wote kwa bei ya kutupa, akapata laki tatu na elfu ishirini za kumaliza deni na faini zake. Pengo la Mzee Abdulkarimu angeliziba baadaye, Mungu akipenda.

Siku ya nane asubuhi akaingia kwenye ofisi ya kampuni ile ya mikopo. Mkusanya madeni aliitwa Nikodemu. Alivuta faili, akalipangusa vumbi, akalifungua. Kwenye kona ya juu ilibanwa picha ya pasipoti, na hii haikuwa nyeusi. Eufrasia alikuwa anamtazama mpiga picha kwa woga, mdomo wazi kidogo, mwanya wake wa mbele unaonekana waziwazi.

Nikodemu akaitazama picha. Akamtazama Mwanvua.

"Huyu ni wewe?"

"Ni mimi. Nilikuwa nimekonda. Nilikuwa na msiba."

"Na mwanya umeenda wapi?"

"Niliziba."

"Watu wanalipa kuchonga mwanya, wewe umeziba?"

Mwanvua aliziweka noti mezani kwa sababu mikono ilikuwa lazima ifanye kitu.

Nikodemu alizihesabu taratibu. "Mama, deni hili nimelitafuta mpaka viatu vimekwisha soli. Aliyeniletea simkagui meno." Akamsogezea karatasi. "Lakini soma kabla hujasaini. Unakiri kwamba ni wewe uliyechukua, kwa kadi yako, kwa mkono wako. Akitokea mtu kesho akasema vingine, hapo si deni tena. Ni kesi, na mimi nitakuwa shahidi."

Akasaini. Barua yenye muhuri ikaingia kwenye mkoba, pembeni ya kadi. Njiani alinunua samaki mmoja mkubwa, mgebuka, na alijiambia kuwa leo atamsemesha Eufrasia. Atamwambia imekwisha. Atamwambia na mengine, maana siku saba za kimya zina riba yake.

Nyumba ilikuwa imefagiliwa. Nguo za Eufrasia zilikuwa zimekunjwa juu ya mkeka, kifurushi kimefungwa. Alikuwepo Ummy tu, mpangaji wa chumba cha mbele, anasuka ukili.

"Wifi yako katoka," Ummy alisema. "Kaniuliza kituo cha polisi kinafungua saa ngapi. Kasema anakwenda kukusafishia jina. Mbona umekaa chini?"

Mwanvua hakujua kuwa amekaa. Samaki alikuwa mchangani. Katika kichwa chake aliona karatasi aliyoisaini na maneno ya Nikodemu, kisha Eufrasia mbele ya askari, anasema kweli yote kwa Kiswahili chake cha Rumonge. Wangefungwa wote wawili, na boti ya wanawake watano ingezama kabla ya kununuliwa. Alikimbia hadi kijiweni, akapanda bodaboda, akamwambia kijana aendeshe kama anamfukuza mwizi. Alisahau kupatana bei.

Kituoni alimkuta. Eufrasia alikuwa kwenye benchi la ukutani, wa tatu kwenye foleni, mikono mapajani kama mwanafunzi anayengoja fimbo. Mwanvua akakaa ubavuni mwake akihema.

"Umesema nini?" alinong'ona.

"Bado. Sijafika mezani. Dada, rudi nyumbani. Niache niwaambie, upate ripoti yako."

"Nimelipa! Nimesaini kwamba ni mimi. Ukifungua mdomo tumekwisha wote."

Eufrasia akageuka, macho yamemtoka. "Umelipa lini?"

"Leo. Inuka twende."

"Siwezi. Wameshaandika jina mlangoni."

"Jina gani?"

"Nilikuja niseme Eufrasia. Wallahi, njia nzima nilikuwa nalirudia, Eufrasia, Eufrasia. Askari wa mlangoni akaniuliza ghafla, wewe nani? Ulimi ukasema Mwanvua Pazi."

Miaka miwili ya vizuizi ilikuwa imemfundisha vizuri. Mwanvua hakupata hata nafasi ya kukasirika, kwani askari wa mezani, mtu mnene mwenye daftari kubwa, aliinua sauti.

"Mwanvua Pazi!"

Mwenye jina alibaki ameganda kwenye benchi. Mgeni akainuka, akatembea hadi mezani. Mwanvua alifunga macho akasoma aya zote alizozikumbuka tangu madrasa ya Ujiji.

"Shida yako?"

"Nimepoteza simu, afande," Eufrasia alisema.

"Simu!" Askari alisonya. "Asubuhi yote mtu anakaa kwa ajili ya simu. Ilipotelea wapi?"

"Sokoni."

"Shahidi unaye?"

Bila kukusudia Eufrasia aligeuza shingo nyuma. Askari akalifuata jicho lake mpaka kwenye benchi.

"Wewe mama uliyeingia unahema. Mko pamoja? Njoo."

Mwanvua akaenda. Mkoba aliubana kwapani, ndani yake kadi yenye jina lake na barua yenye jina lake, lililosafishwa asubuhi ile ile kwa magunia kumi ya dagaa. Jina hilo lilikuwa tayari kwenye daftari, wino haujakauka, na aliyeliitikia alikuwa amesimama hapo na mwanya wake.

"Jina lako?"

Alitafuta jingine. Dunia ina majina mengi, ana shangazi, ana mabinti wa kaka, wote walimkimbia. Lilikuja moja tu.

"Eufrasia," alisema. Pembeni yake alisikia pumzi ikikatika.

"Eufrasia nani?"

"Bonifasi," akalimalizia jina la mwenzake.

Kalamu iliandika, kisha ikasimama. Askari akainua uso, akalitazama baibui lake na mtandio wake.

"Wa wapi wewe?"

Mwanvua alizaliwa Ujiji, baba yake alizikwa Ujiji, na katika miaka yake hamsini na miwili hakuna aliyewahi kumuuliza swali hilo kwa sauti ile. Akashika ukingo wa meza.

"Wa hapa hapa, afande," alisema, na aliisikia sauti yake ikiomba.

Askari aliiweka kalamu chini. Akamtazama tena, safari hii vizuri.

"Hapa wapi?"

Mwanvua akafungua mdomo, na mtaa aliozaliwa ukamtoka kichwani.