Mfuko Nyuma ya Mlango

Mimi ni fundi cherehani, na mdomo wangu ni mkali kuliko mkasi. Wateja wanalijua hilo.

Binti yetu alikuja kwetu akiwa na miaka tisa. Mume wangu na mimi tulitia saini mbele ya hakimu, akawa mwanetu kabisa. Lakini miezi minane baadaye mfuko aliokuja nao ulikuwa bado unaning'inia nyuma ya mlango, umefungwa. Aliniita Mama Fundi, kama wateja wanavyoniita. Alishukuru kwa kila kitu, hata maji ya bomba, akitaka chochote alianza na samahani, na kabla hatujamaliza kula alikuwa ameshaanza kukusanya vyombo. Wageni walimsifu kwa adabu. Mimi iliniuma.

Jumamosi moja akajitia kunisaidia. Akakata mikono ya gauni la harusi la mteja, yote miwili ya upande wa kushoto, na kitambaa kimekwisha. Nikafoka. Nilifoka kweli, sifichi.

Nilipogeuka, alikuwa amesimama mlangoni, mfuko begani.

"Unakwenda wapi?"

"Sijui, Mama Fundi. Nimeharibu."

Nikavuta kiti, nikakaa.

"Kaka yako aliunguza suti ya mteja kwa pasi mwaka juzi. Nilimfokea mpaka mtaa mzima ukasikia. Wewe ulipokuja, ulimkuta au hukumkuta?"

"Nilimkuta. Amelala kwenye kochi."

"Basi. Anayefukuzwa ni mpangaji. Wewe ni mwanangu, utafokewa na utakula."

Akalia, nami nikalia. Tukafungua mfuko: magauni mawili, mswaki, kipande cha sabuni. Tukavipanga kabatini, kando ya nguo za kaka yake. Kisha nikaufumua mfuko wenyewe, yeye ameshika upande wa pili, nikaushona ukawa kifuniko cha cherehani. Bibi harusi alivaa mikono mifupi, akadhani ndiyo fasheni.

Kesho yake kanisani mchungaji alihubiri kwamba Mungu hakutuajiri. Ametufanya wanawe, tukarithi pamoja na Kristo. Maneno hayo nimeyasikia tangu usichana wangu. Ulipofika wakati wa maombi nikapiga magoti na orodha yangu ya siku zote: nimeshona majoho ya kwaya bure, nimefagia kanisa, sijakosa ibada hata moja. Nikaona aibu. Miaka yote hiyo nilikuwa nakaa nyumbani kwa Mungu, nimefungasha.

"Baba," nikasema, "nimeharibu mengi. Siendi popote."

Nilitaka kuendelea, machozi yananitiririka, nikahisi gauni langu linavutwa.

"Mama," binti akaninong'oneza, "nina njaa."

Hakusema samahani.