Blogu Imepumzika, Vichekesho Vinaendelea

Siku nilipotangaza kwamba blogu yangu inapumzika, wasomaji walinisuta kwa mapenzi. Mmoja aliuliza kama nimeolewa. Mwingine akasema nimepata kazi serikalini na sasa najiona. Hakuna aliyekisia kwamba nimekatazwa na mama yangu, mwanamke ambaye hajawahi kusoma hata mstari mmoja wa nilichoandika.

Nilianza mwaka 2009, kaka yangu Kadar alipopanda ndege kwenda Kanada. Siku hizo tulikwenda saiba kulipia intaneti, na picha moja ilipanda polepole hata ukaweza kutoka, ukanywa chai, ukarudi ukaikuta iko nusu. Blogu niliiita Habari za Bulla, yaani za mtaa wetu. Niliandika kwa Kiswahili kwa sababu ndicho tulichofundishwa kuandika, mimi na Kadar. Wengine walikuja wakasoma, na karibu yao, lakini mimi nilikuwa nikimwandikia mtu mmoja.

Nilimwandikia kila kitu. Mto Tana ulipofurika na barabara ya Nairobi ikakatika. Korongo wale wenye upara wanaowavizia wachinjaji kama wadai. Harufu ya soko la Suqa Mugdi baada ya mvua ya kwanza, ubani na vumbi lililolowa na maziwa ya ngamia yenye moshi. Siku mama alipogombana na twiga aliyekuja kula mti wetu wa uani, na twiga akashinda. Kadar alijibu kila mara kwa neno moja, “Nimenusa,” nami nikabaki nikitabasamu peke yangu mbele ya kompyuta kama mwehu. Siku zile zilikuwa tamu, na sioni haya kusema hivyo.

Kila mwaka alisema mwakani. Baba alipofariki nikamwandikia maziko yote, nani alikuja, nani alilia. Kadar aliandika maneno mengi siku hiyo, lakini hakuja. Sikukuu alipiga simu akasalimia. Simu ya picha mama aliikataa tangu mwanzo, akisema hataki kumwona mwanawe akiwa mdogo kama panya.

Mwaka huu, baada ya Ramadhani, mama aliniuliza ninabonyeza nini kila Ijumaa. Nikamweleza kwa majivuno. Alikuwa akipepeta mchele. Akaweka ungo chini.

“Kumbe ni wewe, Ruweyda.”

“Mimi nimefanya nini, hooyo?”

“Tulipokuwa tunachunga kule Hulugho, ngamia jike alikwenda malisho ya mbali na jioni akarudi mwenyewe. Alirudi kwa sababu mtoto wake tulimfunga bomani. Wewe kila wiki unambeba yule mtoto, unampelekea hukohuko. Arudi kufuata nini?”

Nilikasirika. Nilimwambia kama si mimi, Kadar angekuwa ameshatusahau.

“Humpi hata nafasi ya kutukumbuka,” mama akasema.

“Kwa hiyo nisimwandikie kabisa?”

“Mtumie yale ya kuchekesha unayoniletea mimi. Ajue hatuna hasira. Na akiuliza habari zangu, mwambie aje anione.”

Basi nikatii, nikinung'unika. Badala ya habari za bulla, nikawa naweka vichekesho nilivyookota mtandaoni. Ngamia aliyeingiza kichwa ndani ya tuktuk akala miraa ya dereva. Mbuzi aliyesimama kwenye foleni ya benki, mtulivu kuliko wateja. Mzee aliyekuwa akimsalimia yule mwanamke wa ndani ya simu anayesema salio halitoshi, akimuulizia na watoto wake. Mama alicheka hadi machozi. Mimi nilicheka pia, lakini kila mvua iliponyesha vidole viliniwasha, na nilitamani kuandika kuliko nilivyowahi kutamani chai siku ya kufunga.

Kadar hakucheka. Wiki ya tatu aliandika, “Hooyo je?”

Nikajibu kama nilivyoagizwa. “Njoo umwone.”

Chini ya picha ya mbuzi wa benki wengine wote waliandika, Kadar hakuandika. Nikamwambia mama kwamba mpango wake umetupotezea mtu. Akaniambia nimpe chai.

Alhamisi moja asubuhi tuktuk ilisimama langoni. Nilifungua nikakuta mwanamume mwenye ndevu, na mkoba mmoja mdogo begani. Mtu aliyekaa ng'ambo miaka kumi na sita hurudi na masanduku ya watu wote. Huyu hakuleta hata peremende, wala hakunisalimia.

“Mmemzika wapi?” akauliza.

Kutoka uani sauti ya mama ikaita, “Ruweyda, nani huyo?” na kaka yangu akakaa chini mchangani, palepale langoni, akalia kwa sauti.

“Umeacha kuandika,” aliniambia alipoweza kusema. “Kazi yako vichekesho tu. Nakuuliza hooyo, unaniambia njoo. Abaayo, dada yangu, sisi lini tumeambiana msiba kwenye simu? Mtu wetu akifa, tunaambiana njoo.”

“Ungepiga simu!”

“Ningepiga, ningeambiwa. Ndani ya ndege hakuna mtu wa kuniambia.”

Mama alikuwa ameshafika, amejishikiza ukutani, amesikia yote. Nilidhani atafurahi.

“Kwa hiyo kunizika njia imepatikana,” alisema. “Kuja kunisalimia haikupatikana.”

Mama alijishusha taratibu hadi mchangani, akamshika kidevu, akamgeuzia uso kwenye mwanga. Akapitisha vidole kwenye ndevu zake, juu, chini, kama anatafuta kitu kilichomdondoka.

“Una mvi,” akasema, na hapo naye akalia.

Nilisimama na funguo mkononi. Kila unywele wa mama uliogeuka mweupe nilikuwa nimemwandikia Kadar. Mama hakuwa na mtu wa kumwandikia ndevu za mwanawe.