Kiondo cha Kuku wa Watiri

Jioni ikifika, kuku hawakwenda bandani. Walikwenda kusimama mbele ya nyumba ya marehemu Watiri, shingo juu, kama watu wanaongoja kugawiwa chakula. Mlango ule ulikuwa umefungwa tangu mazishi. Wachuka, mke wa mwanawe, aliwaita, "Kuru, kuru, kuru," asigeuke hata mmoja. Ndipo akasikia, na hata leo ataapa kwamba alisikia, sauti kavu ya mama mkwe wake ikiita vivyo hivyo kutoka ndani.

Hakumwambia mumewe. Kihara alikuwa mzee wa kanisa, na mzee wa kanisa ana jibu la kila swali isipokuwa lile unalomwuliza.

Na kuku wenyewe walikuwa wanakufa. Walianza kwa kunyong'onyea, vilemba vikapauka, mayai yakakoma. Wachuka aliogopa kuliko anavyoogopa mtu aliyefiwa na kuku. Watiri, ambaye yeye alimwita Maitu kama alivyomwita mama aliyemzaa, alikuwa amemshika mkono siku zake za mwisho, tumbo limevimba na macho yamegeuka manjano, akamwambia, "Kuku wangu wasiishe." Hakuomba kingine. Mtu akikuomba jambo moja tu kabla ya kufa, nawe ukalipoteza, utamwambia nini mkikutana?

Basi Wachuka akateremka mpaka Majengo, mjini Nyeri, kwa Nkatha, mama wa Kimeru aliyeuza viungo na mitishamba karibu na msikiti. Nkatha alimfungia manjano ya kusaga, vitunguu saumu na majani manene ya shubiri.

"Changanya kwa chakula yao kila asubuhi," alimwambia. "Hii inasaidia maini. Naona ni kama wamekula kitu mbaya."

Wachuka alichanganya. Vidole vyake vikawa njano, na kila alipovitazama aliyaona macho ya Maitu. Lakini kuku wakachangamka kidogo, mtetea mmoja hata akataga, na Wachuka akaenda mtoni akiimba. Kila siku alikaa na ungo akichagua mahindi ya msimu ule, yaliyonyeshewa yakiwa bado shambani: safi ya watu, yenye ukungu ya kuku. Hivyo ndivyo ilivyofanywa katika kila boma, na ndivyo alivyomwona Watiri akifanya. Chakula hakitupwi, na kuku haulizi.

Halafu jogoo mwekundu akafa, unga wa manjano ungali mdomoni.

Alimtia kiondoni akarudi Majengo amekasirika. Nkatha hakubishana. Alimpasua jogoo juu ya gazeti kuukuu, akatoa ini. Lilikuwa limevimba, njano, likimeguka kwa kidole.

"Mama Ngendo," alimwita Wachuka kwa jina la mtoto wake, "hawa unawapatia mahindi gani?"

"Ile ya kuoza. Si ndiyo ya kuku?"

"Ati ya kuku. Hiyo ukungu iko na sumu. Dawa yangu inasaidia ini, lakini wewe unatibu na mkono moja, unaua na ile ingine. Nani alikufunza hivyo?"

"Mama ya Kihara. Mwaka jana wakati wa njaa alikuwa anabeba kiondo ya mahindi mbaya kila jioni, anaenda nayo kwake, anasema ni ya kuku zake."

"Na hizo kuku zilikufa?"

Wachuka aliliangalia ini lile juu ya gazeti.

Hawakufa. Mwaka ule wa themanini na nne, watu walipokuwa wakipanga foleni kungojea malori ya mahindi, kuku wa Watiri walikuwa wamekonda lakini wazima, wakichakura chini ya mibuni, wakifukuzwa na majirani, vilemba vyekundu. Hawakuwa wameonja mahindi yale hata punje. Akamkumbuka Maitu akisukuma sahani: "Mimi nimeshiba, patia watoto." Akakumbuka moshi ukitoka katika nyumba ile kila jioni, mlango umefungwa, na harufu ya mahindi yanayochemka. Yeye mwenyewe alikuwa amemwambia Kihara, "Mama yako siku hizi anapikia kuku," wakacheka wote wawili. Mficha maradhi kifo humuumbua, husema watu. Watiri alikuwa ameficha njaa, akila yeye ya ukungu ili wao wale safi, na hata kifo hakikumuumbua, mpaka ini la jogoo.

Nkatha alimtazama usoni, akakunja gazeti polepole.

Nyumbani, Wachuka aliyachoma mahindi yote ya ukungu nyuma ya choo. Kisha akachota yale safi, akayasaga, akayachanganya na manjano, akaelekea nyumba ya Watiri. Kihara alikuwa uani.

"Hiyo si ndiyo mahindi yetu ya kula?"

"Ni ya kuku za Maitu," alisema Wachuka, akampita.

Alifungua mlango. Sufuria ilikuwa bado juu ya mafiga, punje nyeusi zimeganda chini yake. Kuku wakaingia wakimpita miguuni, wakaenda moja kwa moja mekoni. Akawamwagia chakula pale pale, akapiga magoti.

"Kula, Maitu," alisema. "Leo ni safi."

Akangoja ile sauti. Haikuja. Ilisikika tu midomo ya kuku ikigonga sakafu, na yeye akilia.